Utepe wa Bullecourt

Kwa miaka minne nimekuwa nikipita karibu kila siku katika barabara ya Jacka Boulevard, ile inayofuata ufuo wa St Kilda katika jiji la Melbourne, nikienda kazini katika nyumba ya kutunzia wazee, na kwa muda mrefu sikujua kwamba jina lile ni la mtu. Siku moja nilipomuuliza mzee mmoja ninayemhudumia, alinieleza kwamba Jacka aliwahi kuwa meya wa St Kilda, kwamba kabla ya umeya alikuwa askari wa miguu, na kwamba kaburi lake lilikuwa mwendo mfupi tu kutoka pale tulipokuwa tumeketi. Jumapili iliyofuata nilikwenda makaburini, nikasimama mbele ya jiwe lake, na tangu siku hiyo sikuacha kusoma habari zake. Safari ninayoisimulia hapa, ya kutoka Melbourne hadi mashamba ya kaskazini mwa Ufaransa, chimbuko lake ni pale kaburini.

Albert Jacka alizaliwa tarehe 10 Januari 1893 huko Layard, karibu na Winchelsea, katika jimbo la Victoria, akakulia katika mji mdogo wa Wedderburn. Hakusoma sana, alifanya kazi ya kusafirisha mizigo pamoja na baba yake, kisha akawa kibarua wa idara ya misitu ya jimbo. Mnamo Septemba 1914, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, alijiandikisha jeshini, akapangwa katika Batalioni ya 14, iliyokuwa sehemu ya Brigedi ya 4 chini ya John Monash, na baada ya mazoezi nchini Misri alishuka pwani ya Gallipoli, nchini Uturuki, tarehe 26 Aprili 1915, siku moja baada ya kikosi cha kwanza.

Tukio lililomfanya ajulikane lilitokea alfajiri ya tarehe 19 Mei, wakati Waturuki wapatao 42,000 waliposhambulia kwa pamoja mahandaki ya Waaustralia na Wanyuzilandi. Mahali palipoitwa Courtney's Post, Waturuki kadhaa walifanikiwa kuingia ndani ya kipande kifupi cha handaki, na Jacka, ambaye wakati huo alikuwa koplo usu tu, akabaki nyuma ya kona ya handaki hilo akiwazuia wasisogee. Jaribio la kwanza la kuwaondoa lilishindwa, mwenzake mmoja akajeruhiwa. Ndipo yeye na wenzake wakapatana: wao warushe mabomu ya mkono upande mmoja ili adui ageukie huko, naye azunguke na kuruka ndani kutoka upande mwingine. Aliwapiga risasi watano, akawachoma wawili kwa singe, na waliosalia wakakimbia. Kwa tendo hilo akawa mtu wa kwanza wa jeshi lililotumwa ng'ambo na Australia kupewa Msalaba wa Victoria katika vita ile, nishani iliyo juu ya nyingine zote. Tajiri mmoja wa Melbourne, John Wren, alikuwa ameahidi pauni 500 na saa ya dhahabu kwa Mwaustralia wa kwanza atakayeipata, na picha ya Jacka ikaja kuwekwa kwenye mabango ya kuwahimiza vijana wanamichezo wajiunge na jeshi.

Wengi wanaofuata nyayo za Jacka huenda Gallipoli, na sina neno nao. Lakini kadiri nilivyozidi kusoma, ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba nishani kubwa ilitolewa kwa tendo lake la haraka kuliko yote, la dakika chache gizani, na kwamba alichokifanya baadaye huko Ufaransa, ambako alipata nishani ya daraja la chini mara mbili, kilimgharimu zaidi na kinatufundisha zaidi juu yake. Nilitaka kukanyaga ardhi hiyo kwa miguu yangu, tena nilitaka kuikanyaga mwezi wa Aprili, kwa kuwa jambo nililolifuata lilitokea Aprili 1917, karibu na kijiji cha Bullecourt, kwenye theluji.

Nilifika Paris baada ya zaidi ya saa 24 za kuruka na kungoja, nikachukua treni kutoka kituo cha Gare du Nord, na kwa muda wa chini ya saa moja nikawa Arras. Kituoni nilipokewa na kaka mmoja wa Bukavu anayeishi Lille, ndugu wa mfanyakazi mwenzangu, ambaye alikuwa ameomba ruhusa kazini siku mbili ili anizungushe kwa gari lake. Mimi nimezaliwa Tanga na yeye ni mtu wa Kivu, kwa hiyo Kiswahili chetu hakifanani, lakini tulielewana tangu salamu ya kwanza. Alinichukulia begi, akanitazama viatu, akaniambia kwa upole, “Dada, na ile viatu utalia. Huku ni matope tu.” Tulianza kwa kupitia dukani kununua viatu vya mpira.

Siku ile ya kwanza tulielekea kusini, hadi Pozières. Kijiji chenyewe kimekaa juu ya barabara iliyonyooka kama kamba kati ya miji ya Albert na Bapaume, barabara iliyotengenezwa tangu enzi za Warumi, na ukipita kwa gari bila kujua utadhani ni kijiji cha wakulima kama vingine: kanisa la matofali, nyumba za pande mbili, mashamba yanayoanza pale tu nyumba zinapoishia. Hata kilima wanachokitaja vitabuni si kilima kwa macho yetu sisi tuliokua tukitazama milima ya Usambara. Ni mwinuko mdogo tu, kiasi cha kukuwezesha kuona mbali kila upande, na kwa sababu hiyo ndogo maelfu ya watu waliuawa wakiugombania. Katika majuma sita hivi, kuanzia Julai 1916, Waaustralia wapatao 23,000 waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa hapa na katika shamba la Mouquet lililo jirani, na kati yao waliokufa ni kama 6,800.

Tuliegesha gari mahali palipokuwa na kinu cha upepo. Kinu chenyewe hakipo. Kilichobaki ni kichuguu cha udongo uliofunikwa na majani, chenye mashimo ambayo hayakusawazishwa, na jiwe lenye maandishi yanayoeleza kwamba Waaustralia walianguka kwa wingi zaidi juu ya mwinuko huu kuliko katika uwanja mwingine wowote wa vita ile. Nilipanda juu ya kichuguu polepole. Upepo ulikuwa mkali, na kaka yule alisimama chini amejikunyata, mikono mfukoni.

Jacka, aliyekuwa sasa luteni usu, aliingia katika mahandaki ya hapa pamoja na batalioni yake usiku wa kuamkia tarehe 7 Agosti 1916, siku chache baada ya kinu kutekwa. Yeye na baadhi ya askari wake walijikinga ndani ya shimo refu la chini ya ardhi lililochimbwa na Wajerumani wenyewe, kwa sababu mizinga ilikuwa ikinyesha bila kukoma. Alfajiri Wajerumani walishambulia kwa nguvu ili kuurudisha mwinuko, wakapita juu ya mahandaki yale yaliyofukiwa nusu, na mmoja wao akabingirisha bomu ngazini. Askari wawili wa Jacka waliuawa palepale. Alipotoka nje alikuta adui amekwisha kupita na yuko nyuma yake, na kundi la Waaustralia wa Batalioni ya 48 waliotekwa, wapatao 40, likiongozwa kuelekea upande wa Wajerumani. Alikuwa na watu saba tu. Angeweza kurudi shimoni, au kujipenyeza hadi kwenye mstari wa nyuma, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliwapanga watu wake, akangoja kundi lile lisogee, kisha wakalivamia ana kwa ana. Mateka nao wakawageukia walinzi wao, Waaustralia wengine wakaja mbio kutoka pembeni, na asubuhi ile ikageuka. Jacka alipigwa mara saba, risasi moja ikipenya mwilini karibu na bega, na kila mmoja kati ya watu wake alijeruhiwa. Mwanahistoria rasmi wa jeshi la Australia, Charles Bean, aliyekuwa mwangalifu sana wa maneno yake, aliandika kwamba hilo ndilo tendo la ujasiri wa mtu mmoja lililokuwa na kishindo na matokeo makubwa kuliko yote katika historia ya jeshi lile. Alichopewa ni Msalaba wa Kijeshi, nishani ya daraja la chini kuliko ile ya Gallipoli, na mimi ni miongoni mwa wale wanaoona kwamba alipunjwa.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na kinu, kuna mnara wa kumbukumbu ya vifaru, kwa sababu ni katika eneo hili, tarehe 15 Septemba 1916, vifaru vilipoingia vitani kwa mara ya kwanza duniani. Uzio wake umetengenezwa kwa mitutu ya mizinga midogo na minyororo ya vifaru vyenyewe. Niliushika mnyororo ule uliopoa, nikiwaza kwamba miezi saba tu baadaye mashine hizohizo zingeahidiwa kwa watu wa Jacka kana kwamba zina uwezo wa kufanya miujiza.

Mchana tulishuka hadi Villers-Bretonneux, kiasi cha kilomita 30 hivi. Sikukaa sana huko, ingawa ni mahali pakubwa: mnara mrefu mweupe juu ya kilima, makaburi yaliyopangwa safusafu, na kuta zenye majina ya Waaustralia zaidi ya 10,000 waliokufa nchini Ufaransa ambao makaburi yao hayajulikani. Wengi wa waliopotea Bullecourt wameandikwa humo. Ni karibu na mji huu, mwezi Mei 1918, Jacka alipovuta gesi ya sumu, akaumizwa vibaya, na vita vikamwishia. Alirudi Melbourne mwaka 1919, akapokewa na umati na msafara wa magari, akafungua biashara ya vifaa vya umeme pamoja na wenzake wa jeshini, akaoa, akalea mtoto wa kupanga, akawa diwani na kisha, mwaka 1930, meya. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Biashara yake ilianguka mwaka uleule wa umeya wake, huku akihangaika kuwatafutia msaada watu wasio na kazi. Mwili uliokwisha kupasuliwa na risasi na kuunguzwa na gesi haukustahimili. Alifariki tarehe 17 Januari 1932 kwa ugonjwa wa figo, akiwa na umri wa miaka 39. Maelfu walipita mbele ya jeneza lake, na waliolibeba walikuwa wanaume wanane, kila mmoja akiwa na Msalaba wa Victoria.

Mbele ya kuta zile za majina niliwaza kwetu, na sioni vibaya kulisema jambo hili hapa, kwa kuwa ni vita ileile. Mwaka uleule wa 1917, huku Jacka akitambaa kwenye theluji ya Ufaransa, wapagazi wa Afrika Mashariki walikuwa wakibeba risasi na vyakula vya majeshi katika mabonde ya Rufiji, wakifa kwa njaa na kuhara damu. Mnara wa Askari pale Dar es Salaam unasema kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Majina yao mengi hayakuandikwa popote. Niliyasoma majina ya Waaustralia kwa sauti ya chini, ukurasa mzima wa ukuta, mpaka kaka yule akaniambia kwamba jua linazama.

Tulilala Arras. Tulikuwa tumepatana kuamka saa 10 alfajiri, maana nilitaka kuwa Bullecourt kabla hakujapambazuka, tarehe 11 Aprili.

Bullecourt ni kijiji kidogo, kiasi cha kilomita 15 kusini-mashariki mwa Arras. Ili kuelewa kilichotokea hapa inabidi kujua kwamba mapema mwaka 1917 Wajerumani walikuwa wamerudi nyuma kwa hiari yao hadi kwenye ngome mpya waliyoijenga kwa miezi mingi, ambayo Waingereza waliiita Mstari wa Hindenburg. Mbele ya mahandaki yake walitandaza seng'enge kwa mikanda mipana. Kati ya vijiji vya Bullecourt na Quéant mstari huo ulijipinda kuelekea ndani, kwa namna ambayo mtu akiingia katikati anapigwa risasi kutoka mbele, kulia na kushoto. Jenerali Gough wa Jeshi la Tano la Uingereza alitaka kushambulia hapohapo, ili kusaidia shambulio kubwa lililoanza Arras tarehe 9 Aprili. Kwa kawaida mizinga hupewa siku kadhaa za kukatakata seng'enge kabla askari wa miguu hawajaamriwa kusonga. Safari hii mizinga haikuwa ya kutosha wala muda haukuwepo. Likaletwa wazo kwamba vifaru 12 vitatangulia, viikanyage seng'enge, na askari wapite katika njia zitakazokuwa zimefunguliwa.

Jacka alikuwa sasa kapteni, na kazi yake katika batalioni ilikuwa upelelezi. Usiku alitoka na wenzake wachache, wakatambaa katika ardhi isiyo na mwenyewe, ile iliyo kati ya majeshi mawili, hadi kwenye seng'enge ya Wajerumani, akaichunguza kwa macho na kwa mikono. Aliikuta nzima na nene. Alirudi akatoa taarifa bila kuipamba: njia haikuwa imefunguliwa, na kuwapeleka watu pale ilikuwa kuwapeleka machinjoni. Makamanda wa batalioni waliomwamini waliipeleka hoja hiyo juu, ikafika hadi kwa Jenerali Birdwood, aliyewaongoza Waaustralia, naye akapinga mpango ule. Gough akashikilia msimamo wake.

Nimelitafakari sana jambo hili. Ushujaa wa kuruka ndani ya handaki kila mtu anauelewa. Lakini kuna huu wa mtu aliyekwenda mwenyewe akaona, akasema alichokiona, akapuuzwa na walio juu yake, kisha usiku uleule akatoka tena kuwatengenezea njia wale aliowaombea wasipelekwe. Kazi hiyo ya kutengeneza njia ilifanywa kwa utepe wa kitambaa. Mpelelezi alitangulia gizani, akatandaza utepe chini katika ardhi iliyo wazi mbele ya adui, ili maelfu ya askari watakaofuata wajue mahali pa kulala kifudifudi na kungoja amri. Utepe ukipinda, kikosi kizima kinashambulia upande usio wake. Anayeutandaza akikamatwa, siri yote imefichuka. Na kweli Jacka akiwa katika kazi hiyo, Wajerumani wawili wa doria, ofisa na askari wake, walitokea karibu na pale utepe ulipopita. Bastola yake ilikataa kulipuka. Akawarukia, akawadhibiti kwa nguvu za mikono, akawarudisha wote wawili wakiwa hai. Kwa upelelezi wa siku zile alipewa Msalaba wa Kijeshi kwa mara ya pili.

Tulipofika bado palikuwa na giza. Tuliacha gari karibu na bustani ya kumbukumbu iliyo kwenye njia ya kuelekea kijiji jirani cha Riencourt, ambako kuna sanamu ya shaba ya askari wa Australia, amesimama wima na mizigo yake yote ya vita, akitazama mashamba. Aliyeichonga ni Peter Corlett, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa waliotumikia Bullecourt. Mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha. Tulitembea pembezoni mwa shamba la ngano changa, tukikaa kwenye njia ya trekta ili tusiharibu mimea ya watu, na viatu vyangu vya mpira vilishikwa na matope mpaka kila hatua ikawa na uzito wa jiwe. Baada ya mwendo fulani kaka yule alisimama, akageuka pande zote. Yeye ameikimbia vita akiwa kijana, na sikuwahi kumuuliza zaidi ya alichopenda kunieleza. Alisema polepole, “Dada, fasi ya kujificha iko wapi hapa?”

Haikuwepo. Shamba ni tambarare, limeinuka kidogo kuelekea Riencourt. Hakuna mti, hakuna mto, hakuna jiwe la kumfunika mtoto mdogo.

Kwanza waliwaleta usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Aprili. Askari walilala juu ya theluji wakingoja vifaru, na vifaru havikutokea, kwa kuwa vilipotea katika tufani ya theluji. Ilibidi maelfu ya watu wainuke na kurudi nyuma huku kukipambazuka, na kama theluji isingaliwafunika wangaliteketezwa palepale. Usiku uliofuata wakaletwa tena, wakiwa wamechoka, hawajalala, kwa mpango uleule. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 11 Aprili shambulio likaanza. Vifaru vilikuwa vya polepole kuliko mtu anayetembea; baadhi viliharibika njiani, vingine vilipigwa vikawaka moto, vingine vikapotea njia. Basi askari wa miguu wakavipita, wakaifikia seng'enge peke yao, weusi juu ya theluji nyeupe, na bunduki za rashasha zikawafagia kutoka pande zote tatu.

Linalonishangaza hadi leo ni kwamba waliingia. Walipita katika seng'enge ile ambayo Jacka alisema haipitiki, kwa kuikanyaga, kuikata, na kutambaa juu ya miili ya wenzao, wakayateka mahandaki ya mstari wa kwanza na wa pili, jambo ambalo wengi waliamini haliwezekani bila kutanguliwa na mizinga. Wakayashikilia kwa saa kadhaa. Waliomba mizinga iwasaidie kwa fataki za ishara, lakini nyuma kulikuwa kumefika habari za uongo kwamba vifaru na Waaustralia wamekwisha kupenya mbali zaidi, na mizinga ikanyamaza kwa hofu ya kuwapiga watu wake. Mabomu ya mkono yakawaishia. Karibu na adhuhuri waliobaki wakalazimika kurudi kupitia seng'enge ileile. Kati ya watu 3,000 wa Brigedi ya 4, zaidi ya 2,200 waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Waaustralia 1,170 walichukuliwa mateka siku ile moja, idadi ambayo haikufikiwa katika siku nyingine yoyote ya vita ile. Baadaye Jacka alitia sahihi taarifa kali juu ya mwenendo wa vifaru. Waaustralia hawakuviamini tena vifaru mpaka vita vya Hamel, Julai 1918. Yeye aliendelea kupigana, huko Messines na katika msitu wa Polygon, na cheo chake kikabaki kuwa kapteni hadi mwisho.

Saa 4 asubuhi, tulipokuwa tumelowa vya kutosha, tulikwenda kijijini kwenye jumba la makumbusho la Jean na Denise Letaille. Bwana Letaille aliwahi kuwa meya wa Bullecourt, na kwa miaka mingi yeye na mkewe walikusanya kwenye ghala la shamba lao vitu vilivyofukuliwa na majembe: chupa, kofia za chuma, vijiko, vipande vya vifaru. Nilitumia muda mrefu mbele ya kipande cha seng'enge. Mimi nilidhani ninaijua seng'enge, maana kwetu tumezungushia mashamba. Hii si ile. Waya wake ni mnene, miiba yake ni mirefu na imepangwa karibu karibu kiasi kwamba hakuna mahali pa kuweka kiganja. Nilijaribu kuuona mkono wa mtu ukiipapasa gizani, kimya, ukihesabu safu.

Kisha nilimwomba kaka yule turudi shambani mara moja tu. Nilikuwa nimebeba kutoka Melbourne bunda la utepe wa pamba, ule ambao mafundi cherehani wanatumia kupindia, na alfajiri nilikuwa nimeona haya kuutoa. Sasa tulishika yeye ncha moja na mimi nyingine, tukautandaza kwenye ukingo wa njia ya trekta, kuelekea upande ilikokuwa seng'enge. Nilifanya kama nilivyosoma: niliinama, nikauweka chini, nikaubana kwa tope, nikasogea hatua chache, nikauweka tena. Kwa mita 50 hivi ilinichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Mgongo uliniuma, vidole vikafa ganzi, na mara mbili niligundua kwamba nilikuwa nimeanza kupinda kushoto bila kujua, mchana kweupe, bila mtu yeyote anayetaka kuniua.

Tukiwa bado tumeinama, trekta lilikuja kutoka upande wa Riencourt. Mkulima alituona, akaona utepe uliovuka njia yake, akazima mashine. Hakushuka wala hakuuliza. Alikaa juu akiwa amevua kofia yake, mpaka tulipomaliza kuukunja wote, ukiwa mzito kwa maji na udongo, ndipo akawasha tena na kupita.